Kaniki, Sauti na Jibu la Siti

Ubeti ulikuwa mmoja, wa mistari mitatu, na mji wa Unguja uliudaka upesi kama unavyodaka kila wimbo wa kumsema mtu. Haukuwa fumbo. Ulimtaja Siti binti Saad kwa jina lake na la baba yake, ukauliza ni tangu lini na yeye amehesabiwa mtu. Ukakumbusha jinsi alivyoingia mjini, kiunoni kajifunga kaniki. Kisha ukamalizia kwa kijembe cha tumbo: isingekuwa sauti yake, chakula angekipata wapi?

Siti akajibu. Naye alitumia ubeti mmoja tu, tena bila kumtaja mtu yeyote. Alisema kwamba uso mzuri hauna uzito wowote, wala cheo, wala ukoo uliotajika tangu enzi. Anayepata hasara ni yule aliyekosa akili. Akaishia hapo.

Leo jibu limeishi kuliko swali. Linatajwa kwenye mihadhara ya fasihi, linakumbukwa anaposifiwa mtu mwenye busara, na wengi wanalijua bila kujua kwamba lilikuwa jibu. Limegeuzwa wosia, maneno matulivu ya bibi mwenye hekima akiwausia wajukuu zake. Hapo ndipo Siti anapoeleweka nusu. Maneno yale yalitoka kwa mwanamke aliyedharauliwa hadharani, katika mji mdogo ambamo kila mtu alijua nani katukanwa na nani kamtukana. Kuyasoma sawasawa kunahitaji kuirudisha kejeli pale ilipokuwa, kando ya jibu, na kuziangalia beti mbili zikiwa uso kwa uso.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake asili yake ilikuwa Unyamwezi, mama yake Mzigua, na wote wawili walikuwa watu wa hali ya chini kabisa katika kisiwa kilichokuwa bado kinaendeshwa kwa kazi ya watumwa. Mtoto alipewa jina la Mtumwa. Kazi aliyoirithi ilikuwa ufinyanzi: kufinyanga vyungu, kuvichoma, kuvipanga kichwani juu ya kata na kutembea navyo kwenda kuviuza. Kutoka Fumba hadi mjini ni karibu kilomita 20. Anayebeba vyungu hawezi kukimbia wala kujikwaa, na chungu kikishapata ufa hakina bei tena. Inasimuliwa kwamba alikuwa akinadi bidhaa yake kwa kuimba, na watu waliitambua sauti kabla hawajamwona mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Hakuwa na shule, hakuwa na ukoo wa kumpokea, na alikuwa ameshapita umri wa miaka thelathini. Kilichobadili mambo ni kukutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin alimfundisha kuimba kwa taratibu za taarab, ambayo siku zile iliimbwa kwa Kiarabu na wanaume. Muziki huo uliingia Unguja kwa mlango wa jumba la kifalme. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayesimuliwa kuuleta kutoka Misri. Ulikuwa muziki wa wenye nafasi, wa sebule zenye mazulia. Mfinyanzi kutoka Fumba akaingia humo akiwa mwanamke, Mwafrika na mtoto wa watu wa shamba, na mjini humo ndimo alimopata jina la Siti, yaani bibi wa heshima.

Mtu aliyeitwa Mtumwa sasa anaitwa Siti. Anayetaka kujua kwa nini kejeli ile ilitungwa aanzie kwenye majina hayo mawili.

Sasa kaniki. Kwa msomaji wa leo ni kitambaa cheusi tu, pengine anakihusisha na waganga au na ngoma za jadi. Kwa Mzanzibari wa miaka ya 1920 kilikuwa kitambulisho. Kaniki ni pamba iliyotiwa nili mpaka rangi ikaiva, buluu inayokaribia weusi wa usiku, na katika Unguja ya karne ya 19 ilikuwa nguo ya mtumwa na ya mtu wa kazi za shamba. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliiacha nguo hiyo kwa haraka inayosema mengi. Walivaa kanga. Walitaka rangi, walitaka mji, walitaka kutoka nje bila nguo yao kuwatangulia kusema wao ni nani.

Kwa hiyo kumwimbia mwanamke kwamba tunaikumbuka kaniki yake hakukuwa kumcheka umaskini peke yake. Ilikuwa kumwambia: hata uvae nini leo, tunajua ulikuwa mali ya watu wa aina gani.

Na neno lililotumika katika mstari wa kwanza ni zito kuliko kaniki yenyewe. Ni neno mtu. Kiswahili kina njia mbili za kulisema. Kuna mtu kwa maana ya binadamu, na kuna kuwa mtu kwa maana ya kuwa na hadhi, kuwa na jina mbele za watu. Mtunzi wa kejeli angeweza kujitetea kwamba alikusudia hiyo ya pili: tangu lini Siti akawa mtu wa kutajwa? Lakini wimbo uliimbwa mbele ya watu ambao wazazi wao, na wengine wao wenyewe, walikuwa wameuzwa na kununuliwa. Katika masikio yao maana ya kwanza isingeweza kunyamaza. Kwa binti aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, swali la tangu lini amekuwa mtu lilikuwa na makali ambayo hayahitaji kufafanuliwa.

Turudi kwenye jibu. La kwanza la kulitazama ni kile ambacho halimo. Hamna kaniki. Hamna njaa. Hamna neno mimi. Siti hasemi kwamba alikuwa na kanga nzuri siku ile, hasemi kwamba wazazi wake walikuwa watu wa maana, hasemi kwamba ameonewa. Mtu aliyesemwa vibaya kwa kawaida hukimbilia kukanusha, na kila analokanusha hulirudia kwa mdomo wake mwenyewe. Yeye hakuirudia hata hoja moja ya wabaya wake kwa neno lao. Hata kina hakukichukua. Kejeli inamalizikia kwa sauti ya -ni kila mstari; jibu linamalizikia kwa -li. Katika utamaduni wa kujibizana kwa beti, kushika kina cha mwenzako ni namna ya kuonyesha umahiri na pia namna ya kukubali uwanja wake. Siti alihama uwanja.

La pili ni jambo ambalo wasomaji wengi wamelipita. Jibu linaanza na uzuri wa sura, ilhali ubeti wa kejeli haukusema neno lolote juu ya sura. Ulisema utu, nguo na chakula. Basi uzuri umetoka wapi? Simulizi za maisha yake zinakubaliana kwamba Siti hakuhesabiwa miongoni mwa warembo wa mjini. Bila shaka hayo nayo yalisemwa, barazani, jikoni, kisimani, hata kama hayakuingia kwenye ule ubeti. Kwa kuanza na uzuri, Siti anatujulisha kwamba alikuwa amesikia zaidi ya kilichoimbwa. Anajibu mji mzima kwa mpigo. Hapo mtu anahisi maumivu kuliko mahali pengine popote katika wimbo huu, kwa sababu ni Siti mwenyewe aliyelileta jambo la sura yake mbele, na angeweza kuliacha.

La tatu ni mpangilio wa maneno. Katika mistari ya mwanzo ametumia msamiati uliojaa Kiarabu, maneno ya kusifia sura na ukoo ambayo yalikuwa fahari ya watu wa Mji Mkongwe. Ameyavaa maneno yao na kuyapanga katika mizani sita kwa sita, barabara. Halafu anageuka na kuleta neno hasara. Hili nalo asili yake ni Kiarabu, lakini lilikuwa limeshakaa sokoni miaka mingi, kinywani mwa kila muuza samaki na kila muuza vyungu. Hasara ni pale unapotembea kutoka Fumba tangu alfajiri, ukashusha mzigo, ukakuta kimoja kimepasuka. Katikati ya maneno ya sebuleni, Siti amepachika neno la biashara, na ndilo linalobeba uzito wote wa ubeti.

Na neno mtu limerudi. Limo katika mstari wa mwisho, limewekwa pale hasara inapomhusu mtu yeyote, awe nani. Wao waliuliza yeye amekuwa mtu lini. Yeye amelichukua neno hilo hilo na kulitumia kama kipimo cha kila aliyekuwa akisikiliza, pamoja na waliomcheka. Hapana maombi ya kukubaliwa hapo. Wale wanaoliita jibu hili la unyenyekevu wanakosea. Ni kijembe, tena kikali, kwa kuwa kimemwachia aliyeguswa ajitambue mwenyewe kuwa ndiye asiye na akili.

Ubeti wa kejeli ulikuwa na kombora moja ambalo jibu halikuligusa kabisa: kwamba sauti ndiyo iliyomlisha. Lilikuwa kweli. Labda ndiyo sababu hakuligusa, au labda aliona kwamba limeshajibiwa kwa kitendo, maana jibu lenyewe aliliimba, na aliliimba kwa sauti ile ile.

Sauti hiyo ilikuwa imeshafika mbali. Siti hakuimba peke yake. Kundi lake lilikuwa na mafundi kama Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam, na walifanya jambo lililobadili historia ya taarab: waliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ile yenye lebo ya His Master's Voice. Siti anakumbukwa kama mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Sahani ilikuwa nyeusi na nzito, ikizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulitosha dakika tatu hivi. Katikati palikuwa na picha ya mbwa aliyetega sikio kwenye pembe ya gramafoni. Ikianguka sakafuni inavunjika vipande kama chungu.

Santuri ilimpa Siti wasikilizaji ambao hakuwahi kuonana nao. Ilimpa pia njia mpya ya kutoeleweka.

Nyimbo zake nyingi zilitungwa kutokana na visa vya Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya Waafrika. Wazee waliozungumza na mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake juu ya Zanzibar baada ya utumwa kilitoka mwaka 2001, walikumbuka jinsi nyumba ya Siti ilivyokuwa mahali pa watu kukusanyika jioni na kuleta habari: nani kafungwa, nani kadhulumiwa, kadhi kasema nini, hakimu wa Kiingereza kaamua vipi. Habari ikageuka mazungumzo, mazungumzo yakageuka wimbo. Aliyekuwa barazani alijua kisa kabla ya kusikia ubeti wa kwanza. Aliyenunua santuri Mombasa au bara alipata maneno na muziki, kisa kikabaki Unguja.

Mfano ulio wazi ni wimbo uitwao Kijiti. Kwa masikio ya mgeni jina hilo ni la kipande cha kuni. Kwa watu wa Ng'ambo lilikuwa jina la mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja, kisha akatoroka. Wenyeji wa marehemu walikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na mahakama ikawageukia wao kwa kosa la kununua pombe. Muuaji huru, mashahidi wana hatia. Wimbo haukuhitaji kuieleza sheria ya kikoloni. Ulihitaji tu kutaja jina, na kila mmoja akashika tama. Bila kisa, Kijiti ni sauti tamu juu ya udi na fidla. Ukiwa nacho, ni malalamiko ya umma yaliyorekodiwa chini ya pua ya serikali.

Au chukua Muhogo wa Jang'ombe, wimbo unaonasibishwa na Siti ambao Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliubeba hadi majukwaa ya Ulaya. Jang'ombe ni mtaa wa Unguja mjini. Muhogo ni muhogo. Lakini hakuna Mzanzibari mtu mzima anayeusikia wimbo huo akafikiria chakula peke yake, na ukiwauliza watu watatu unahusu nini utapata visa vitatu. Taarab imejengwa hivyo. Mtunzi hufunga, msikilizaji hufungua, na kila mmoja hufungua kwa ufunguo alio nao. Hata leo mwanamke anayenyanyuka ukumbini na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji huwa anachagua mstari wake. Akipita mbele ya fulani wakati neno fulani linaimbwa, wimbo tayari una mlengwa mpya ambaye mtunzi hakuwahi kumfikiria.

Katika sanaa ya namna hii, ubeti wa Siti wa kujitetea ni kitu cha pekee. Huu ndio wimbo ambao kisa chake ni yeye mwenyewe. Kwa wengine alikuwa mfumbuzi na mfumbaji, akichukua dhuluma ya jirani na kuipa sauti. Zamu yake ilipofika, akawa hana mtu wa kumwimbia. Ilibidi ajiimbie, na kwa kuwa alijua fumbo linavyofanya kazi, alijificha ndani ya kauli iliyoonekana kama ya wote. Amefaulu mno. Kauli imekuwa ya wote kweli, na mwenye kidonda amesahaulika.

Waliomsoma baadaye wamechangia kwa njia zao. Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, alimtazama kama kielelezo cha tabia njema: subira, bidii, ukarimu, mtu aliyepanda kutoka chini kwa kipaji na juhudi. Kwa macho hayo jibu la Siti ni fundisho la akili kuishinda nasaba. Ni usomaji wa heshima, na bila kitabu hicho pengine mengi ya maisha yake yangepotea. Lakini Shaaban Robert alikuwa na shauku ya maadili, na shauku hiyo humfanya Siti awe mtulivu kuliko ubeti wake unavyoonyesha. Fair, kwa upande wake, akiwa amekaa na wazee wa Ng'ambo, anatuonyesha Siti wa siasa za mtaani, sauti ya watu waliotoka utumwani wakidai kuhesabiwa raia. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti, na humo akawa mama wa wanawake wanaokataa kunyamazishwa.

Kila mmoja wa hawa ana Siti wake, na kila mmoja ana ushahidi. Kinachokosekana mara nyingi ni yule mwanamke mmoja aliyekaa siku moja akasikia watoto wakiimba mtaani kwamba tangu lini yeye ni mtu. Kabla ya kuwa kielelezo, kabla ya kuwa jarida, alikuwa na masikio. Aliyasikia maneno hayo kwa lugha yake mwenyewe, ile ile aliyoipa heshima ya kuingia kwenye taarab. Wanaomwimba leo wangefanya vyema kuimba beti zote mbili, ya kejeli kwanza, ili chumba kikae kimya kidogo kabla jibu halijaanza.

Siti alifariki mwezi Julai 1950. Santuri zake nyingi zimevunjika au kuchakaa. Chache zimehifadhiwa na kunakiliwa, na ndani yake sauti inasikika kwa mbali, nyuma ya mkwaruzo wa sindano, lakini ikiwa imenyooka, kila neno limetamkwa hadi mwisho. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu iliyozirudia nyimbo za bibi huyo kwa ala za Zanzibar pamoja na mitambo ya kisasa. Jina alilobeba mwimbaji ni lile ambalo mji ulimpa mfinyanzi wa Fumba. Na albamu inaitwa Siti of Unguja, yaani Siti wa Unguja: si wa shamba, si wa kaniki, bali wa kisiwa kizima, pamoja na mji ule uliouliza.